Muindi Mbingu: Mkamba aliyepiga kambi Nairobi kumsubiri Gavana

MTU anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Kangundo, kupitia Tala, huanza kuviona vilima vya Ukambani muda mrefu kabla ya kufika sokoni. Miteremko yake imechongwa matuta yaliyopangwa kama ngazi, na juu ya matuta hayo kumepandwa mahindi, mbaazi, migomba na kahawa. Ni vigumu kwa kijana wa leo kuamini kwamba katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni walikuwa wameihesabu ardhi hii kuwa imekufa.

Ni vigumu pia kuamini kwamba kutoka milima hii hii, mnamo Julai 1938, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliteremka kuelekea Nairobi, wakapiga kambi huko na kukataa kuondoka hadi Gavana awasikilize. Walikaa huko kwa takriban wiki 6. Aliyewaongoza ni Samuel Muindi Mbingu, mwana wa Ngelani katika vilima vya Iveti, si mbali na Kangundo.

Jina lake linajulikana na kila mkazi wa Nairobi, maadamu ndilo jina la barabara inayopita mbele ya Soko la Jiji na kando ya Bustani ya Jevanjee. Lakini ni wachache wanaokumbuka alichokifanya, na ni wachache zaidi wanaojua gharama aliyoilipa.

Ili kumfahamu Muindi, yafaa kwanza kuifahamu ardhi iliyomlea.

Wakamba wa Machakos walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa bara kukumbana na utawala wa Waingereza. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake Machakos mnamo 1889, miaka 10 kabla ya reli kufika Nairobi. Wamishonari wa Africa Inland Mission nao walifika Nzaui mwaka 1895, na Kangundo ikawa mojawapo ya sehemu walizofungua vituo vyao vya mwanzo.

Kisha ikaja njaa kuu ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye, iliyoikumba nchi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Ukame, nzige, ndui na sotoka ya ng'ombe vilifuatana kama wageni walioalikana. Watu wengi walikufa, na boma nyingi zikabaki mahame.

Ni katika kipindi hicho cha udhaifu ambapo mipaka mipya ilichorwa. Milima ya Mua, iliyo jirani kabisa na mji wa Machakos, ilitwaliwa na kugawiwa walowezi wa Kizungu. Nyanda za kuelekea Athi na Donyo Sabuk zikawa mashamba makubwa ya wageni. Uwanda wa Yatta, ambako wafugaji walizoea kuwapeleka ng'ombe wakati wa kiangazi, ukafanywa ardhi ya Mfalme, na mwenyeji akaanza kuomba kibali cha kulisha mifugo mahali alipolisha babu yake.

Wakamba wakabaki wamebanwa katika eneo lililotengwa. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Kwato zikakanyaga mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, nyasi zikaisha, na kila mvua iliponyesha udongo mwekundu ukasombwa hadi mitoni.

Serikali iliuona uharibifu huo, na kusema kweli haukuwa uzushi. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ilitoa ripoti yake mwaka 1934 na kulitaja tatizo la mifugo mingi katika maeneo ya Waafrika. Mwaka 1937 mtaalamu wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu hali ya Machakos. Mtu aliyeisoma ripoti hiyo angedhani kwamba jangwa lilikuwa limekwisha kubisha hodi.

Tatizo halikuwa katika kuutambua ugonjwa, bali katika dawa iliyochaguliwa. Serikali haikusema kwamba mipaka ifunguliwe ili mifugo ipate nafasi. Ilisema ng'ombe wapunguzwe.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Kampuni ya Liebig, mashuhuri duniani kwa nyama ya mikebe na rojo la nyama, ilikubaliana na serikali kujenga kiwanda Athi River, na kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1938. Kiwanda kama hicho kilihitaji maelfu ya ng'ombe, tena wa bei ya chini. Na ng'ombe wengi wa bei ya chini waliokuwa karibu na Athi River walikuwa ng'ombe wa Wakamba.

Kwa mwananchi wa kawaida, hesabu hiyo haikuhitaji elimu ya chuo kikuu. Kwa miaka mingi alikuwa amezuiwa kuuza ng'ombe wake nje ya eneo lake kwa sababu ya karantini ya magonjwa. Sasa, ghafla, aliambiwa kwamba ana ng'ombe kupita kiasi na kwamba lazima awauze, tena kwa bei asiyoipanga yeye.

Katika miezi ya mwanzo ya 1938, maofisa walianza kuzunguka katika sehemu za kaskazini mwa Machakos. Kila familia ilipangiwa idadi ya ng'ombe ambao ingeruhusiwa kubaki nao. Waliobakishwa walipigwa chapa, na waliozidi wakapelekwa mnadani. Wanunuzi walikuwa wachache, nao walijua kwamba muuzaji hana hiari. Bei ikawa ya kutupa.

Mtu asiyefuga anaweza kuuliza ng'ombe ana nini hata watu waache nyumba zao kwa ajili yake. Jibu ni kwamba kwa Mkamba wa wakati ule ng'ombe alikuwa benki, bima na hati ya undugu. Ng'ombe ndiye aliyeposa mke. Ng'ombe ndiye aliyebadilishwa kwa nafaka mvua iliposhindwa. Aliyekumbuka Ngomanisye alijua kwamba nyumba yenye ng'ombe ilikuwa na nafasi ya kuuona mwaka mwingine. Wahenga walinena kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini serikali ilikuwa imeamua kwamba nundu hiyo ni mzigo.

Ngelani, nyumbani kwa Muindi, haikuwa sehemu ya watu waliokataa mambo mapya. Kulikuwa na Wakristo waliosoma misheni, wakulima waliotumia jembe la kukokotwa na ng'ombe, na watu waliojua kuandika barua na kuhesabu fedha. Hao hao waliodhaniwa kuwa marafiki wa maendeleo ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza maswali.

Muindi hakuwa chifu. Hakuwa na cheo chochote cha serikali, na huenda hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Machifu walikuwa wamewekwa njia panda: amri ilitoka juu, kilio kilitoka chini, na mshahara ulitoka kwa mtoa amri. Watu walihitaji msemaji ambaye mkate wake haukutegemea hisani ya mkuu wa wilaya.

Pamoja na wenzake, akiwemo Isaac Mwalonzi na Elijah Kavulu, Muindi alishiriki kuunda Ukamba Members Association. Chama hicho kilishirikiana na Kikuyu Central Association, ambayo ilikuwa na uzoefu wa zaidi ya mwongo mmoja katika kuandika malalamiko na kuyapeleka hadi Uingereza. Isher Dass, mjumbe wa asili ya Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, naye aliwasaidia wananchi hao.

Chama kilifanya mambo mawili yaliyoonekana kupingana lakini yaliyokamilishana. Kwa upande mmoja kiliandika barua na maombi kwa lugha ya ofisi. Kwa upande mwingine watu walikula kiapo kwa desturi ya Wakamba, kwamba hakuna atakayevunja umoja na kutoa ng'ombe wake kwa hiari. Barua ilikuwa ya kumfikia mkubwa wa London, na kiapo kilikuwa cha kumzuia jirani asirudi nyuma.

Julai 1938 serikali iliamua kutumia nguvu. Ng'ombe wapatao 2,500 walinyakuliwa Ngelani ili wauzwe mnadani. Kama lengo lilikuwa kuwatia watu hofu, matokeo yalikuwa kinyume.

Tarehe 28 Julai, umati wa watu ulianza safari ya Nairobi. Kutoka Machakos hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 60, na wengi waliusafiri mwendo huo kwa miguu. Hawakubeba silaha. Walikuwa na ombi moja, nalo ni kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, na kumweleza kwa vinywa vyao kilichowapata.

Ujasiri wa safari hiyo hauwezi kupimwa bila kukumbuka yaliyotokea Nairobi miaka 16 kabla yake. Machi 1922, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe ulimiminiwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 waliuawa, na wengine walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Kila mtu mzima aliyetoka Ukambani na Muindi alijua kwamba mji anaouendea ulikuwa umewahi kujibu malalamiko kwa bunduki.

Gavana alikataa kuwaona. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba malalamiko yapitie kwa machifu na mkuu wa wilaya, yaani kwa wale wale waliokuwa wakilalamikiwa. Watu waliambiwa warudi makwao kwanza.

Hawakurudi. Walitafuta mahali pa kukaa pembeni mwa mji, wakawasha mioto, wakapika na kulala hapo. Siku zikawa wiki. Baridi ya Julai na Agosti jijini Nairobi si ya mzaha, hasa kwa mtoto anayelala nje. Lakini kambi haikuvunjika, na hakuna ghasia zilizozuka ambazo zingewapa polisi kisingizio.

Hapa ndipo inapoonekana busara ya Muindi Mbingu kama kiongozi. Umati wenye hasira ni rahisi kuuongoza kwa siku moja. Kuuweka pamoja kwa mwezi na zaidi, ukiwa na njaa, ukiwa ugenini, huku ng'ombe na mashamba vikingoja nyumbani, ni kazi ya namna nyingine kabisa. Ilimbidi ahakikishe kwamba watu wanakula, wanatulia na wanaendelea kuamini. Jiwe moja kurushwa kwa askari lingetosha kuiangusha kazi yote.

Si Muindi aliyebuni njia ya kupinga bila silaha. Huko India, mnamo 1930, Mohandas Gandhi alikuwa ametembea hadi Dandi kupinga kodi ya chumvi. Lakini Wakamba walifika mahali pao kwa njia yao wenyewe: kiapo cha kijadi, subira ya mfugaji na imani kwamba mtawala aliyejiita baba wa watu hana budi kuwapokea watoto wanapokuja mlangoni.

Wakati kambi ikiendelea, habari zilikuwa zikivuka bahari. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza, alilipeleka suala hilo katika gazeti la Manchester Guardian. Wizara ya Makoloni, chini ya Malcolm MacDonald, ilijikuta ikitakiwa kueleza kwa nini ng'ombe wa maskini walikuwa wakiuzwa kwa nguvu jirani na kiwanda kipya cha nyama.

Kulikuwa na jambo jingine lililowakosesha wakubwa usingizi. Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa King's African Rifles na wa polisi. Askari aliyevaa sare Nairobi alikuwa na baba Kangundo, mjomba Matungulu na ng'ombe Iveti. Ulaya ilikuwa ikinusa vita, na Italia ilikuwa imekwisha kuitwaa Ethiopia, jirani wa Kenya upande wa kaskazini. Haukuwa wakati wa kumkasirisha askari kwa kumwuzia ng'ombe wa baba yake.

Mwishoni mwa Agosti, Gavana alikubali kukutana na wananchi, lakini si Nairobi. Alikwenda Machakos na kufanya baraza huko, ili isionekane kwamba ameitwa na umati. Kwa jinsi hiyo kila upande ulilinda heshima yake. Ng'ombe waliokuwa wamenyakuliwa na hawajauzwa walirudishwa kwa wenyewe.

Kwa Muindi, hata hivyo, mlango ulikuwa ukifungwa. Baada ya baraza hilo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Mwana wa milima ya Iveti akawekwa kisiwani, mbali na lugha ya kwao, mbali na boma lake, katika mji ambao mifugo yake mashuhuri ni punda. Serikali ilitumaini kwamba mwili ukikatwa kichwa utaanguka.

Haukuanguka. Watu waliendelea kukataa kuwatoa ng'ombe, na kabla ya mwaka 1938 kumalizika serikali iliachana na mpango wa kupunguza mifugo kwa lazima. Liebig haikuupata mkondo wa ng'ombe wa bei ya chini iliyokuwa imeutarajia kutoka Machakos. Miaka kadhaa baadaye, Athi River ikawa makao ya Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa kamili, na haifai kuupamba kuliko ulivyokuwa. Ng'ombe waliokolewa, ardhi haikurudishwa. Walowezi walibaki Milima ya Mua. Yatta ilibaki mikononi mwa serikali. Chama chenyewe kilipigwa marufuku Mei 1940, pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association, kwa kisingizio cha usalama wakati wa vita, na viongozi kadhaa wakatiwa kizuizini.

Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuanguka udongoni. Mwaka ule wa kambi, kijana mmoja wa Kangundo alikuwa na umri wa miaka 15. Jina lake lilikuwa Paul Ngei. Oktoba 1952 alikamatwa, na akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Baada ya uhuru aliiwakilisha Kangundo bungeni kwa miaka mingi na kuwa waziri, hadi siasa ilipompa kisogo. Alifariki mwaka 2004. Wengi Ukambani humhesabu Ngei kuwa mrithi wa kazi aliyoianza Muindi.

Milima ya Mua nayo ilirudi mikononi mwa Waafrika katika miaka ya 1960, kupitia mipango ya makazi iliyofanywa mashamba ya walowezi yalipogawanywa.

Na vipi kuhusu udongo ambao serikali ilidai kuuokoa? Hapa historia inatoa fundisho linalostahili kuzingatiwa na kila mpangaji wa maendeleo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilijaribu tena, safari hii kwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Kazi ya shuruti ilichukiwa. Lakini kadiri wananchi walivyopata nafasi ya kujiamulia, kupitia vikundi vyao vya mwethya, ambamo majirani hulimiana kwa zamu, matuta yalienea kwa kasi. Wakulima walipendelea mtindo wa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, ambao mpaka leo huitwa fanya juu.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka maradufu zaidi ya mara moja, ilhali mmomonyoko ulipungua na mavuno yakaongezeka. Ardhi iliyotangazwa kufa ilifufuliwa na wale wale waliotuhumiwa kuiua.

Kwa maneno mengine, Wakamba wa 1938 hawakuwa wakitetea mmomonyoko. Walikuwa wakitetea haki ya kuulizwa. Mtu aliyenyang'anywa malisho, kisha akanyimwa soko, kisha akalaumiwa kwa wingi wa ng'ombe, hawezi kuamini kwamba anayekuja na chapa ya moto amekuja kumsaidia.

Muindi Mbingu hakuishi kuona Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 37 inampa kila Mkenya haki ya kukusanyika kwa amani, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Haki hiyo yeye na wenzake waliitumia miaka 72 kabla haijaandikwa, katika nchi ambayo sheria yake haikuwatambua kuwa raia kamili.

Leo, mahali pengi nchini, bado wananchi huamka na kukuta vigingi vya mradi vimechomekwa katika shamba au malisho yao kabla hawajaitwa katika mkutano wowote. Baadhi ya miradi hiyo ina manufaa, na mingine haina. Lakini viongozi wanaoshangaa kwa nini watu wanakataa jambo linalodaiwa kuwa jema kwao wangefanya vyema kusoma habari za Ngelani. Ng'ombe 2,500 walichukuliwa kwa siku chache, na kuijenga upya imani iliyopotea kulichukua miaka mingi.

Fundisho kwa wananchi nao si dogo. Muindi hakushinda kwa sauti kubwa. Alishinda kwa sababu watu wake walikuwa na ombi moja linaloeleweka, hawakurusha jiwe, hawakuuza umoja wao, na hawakuondoka siku ya kwanza walipoambiwa mkubwa hana nafasi. Subira, wasemavyo wahenga, huvuta heri. Ya Wakamba ilikuwa subira ya kukaa mlangoni, si ya kukaa nyumbani.